Linabeba Nini Siku Zote?

Springi mbili za mbele za Landrova ya zamani hazilingani. Ukizilaza chini bega kwa bega utaona ya kulia imepinda zaidi, na asiyejua atadhani ya kushoto imechoka. Ndivyo nilivyodhani mwaka 1983, nikiwa na miaka kumi na tatu, nimetoka kumaliza darasa la saba na kuanza kumsaidia baba kwenye gereji yake ya chini ya mwarobaini hapa Ngarenaro, Arusha. Nikazifunga kinyume. Gari lilipoteremshwa kwenye jeki likainama upande kama mtu aliyebeba ndoo mkono mmoja.

Baba hakupandisha sauti. "Dereva anakaa wapi?" Nikamjibu, kulia. "Na tangi la mafuta?" Chini ya kiti chake. "Sasa gari hili linabeba nini siku zote?"

Hapo nikaelewa. Waingereza waliolitengeneza walikuwa wamempima dereva pamoja na mafuta yake, mizigo miwili isiyoshuka garini, wakaupa upande ule springi yenye upinde mkubwa ili gari likae sawa. Nilizifungua nati zote nane, nikaanza upya. Swali lile sikuliacha chini ya mwarobaini. Hadi leo ndilo la kwanza kumtoka mdomoni mtu wa gereji yetu mteja anapoingia.

Mwezi uliopita aliingia kijana na Land Cruiser, pikapu ya milango miwili. Alikwisha kuifungia ngao ya chuma na winchi ndani yake, mkonga wa kuvutia hewa, betri ya pili, na tangi la pili la lita 90. Nyuma aliweka boksi la bati lenye friji, na juu ya boksi hema la kukunjua.

"Shikamoo, mzee. Nataka inyanyuke inchi mbili, na springi ziwe ngumu kabisa."

"Marahaba, mwanangu. Linabeba nini siku zote?"

Akaanza kunihesabia watu na vitu atakavyovipeleka Ziwa Natron mwezi Desemba. Nikamwambia safari ya Desemba ni siku kumi, mimi namuuliza habari za siku nyingine mia tatu na hamsini na tano. Akanyamaza, akaligeukia gari lake kama analiona mara ya kwanza. Nikamvutia stuli, na kwa kuwa mvua ilikuwa imeanza na kazi zimesimama, nikamsimulia namna mji huu ulivyobadilisha springi zake, na mzigo uliosababisha kila badiliko. Haya ndiyo niliyomwambia, na mengine ambayo mvua ilikatika kabla sijayafikia.

Babu yangu alikuwa mhunzi wa Mamba, kule Kilimanjaro, mahali ambapo Wamaasai wamekuwa wakinunua mikuki yao tangu zamani. Baba alikulia kwenye mivuo. Kwa hiyo alipopata kazi kwenye karakana ya barabara mwaka 1961 na kukabidhiwa springi ya lori iliyovunjika, haikuwa kitu kigeni kwake. Kwa macho ya mhunzi springi ya namna ile ni mabapa ya chuma yaliyopangwa kuanzia refu hadi fupi, yakabanwa katikati kwa bolti moja. Bapa kuu lina tundu kila ncha, na hapo ndipo linaposhikana na chesisi. Kwenye springi nzuri bapa la pili nalo huikumbatia ncha ya lile kuu, ili kuu likikatika tunduni ekseli isikimbie ikaliacha gari. Huwa nawaonyesha wanafunzi wangu ncha hiyo kabla ya kitu kingine chochote, maana yupo mtu aliyefikiria siku ambayo kazi yake itavunjika.

Uzuri wa springi ya mabapa ni kwamba hufanya kazi tatu peke yake. Hubeba uzito. Huishika ekseli isiende mbele wala nyuma. Tena mabapa yanaposuguana hulituliza gari lisiendelee kuruka. Landrova iliyoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948 ilisimama juu ya springi nne kama hizo, na gari hilo ndilo lililowabeba mabwana shamba, mapolisi na madaktari wa mifugo katika nchi hii kwa miaka thelathini. Fundi aliweza kuona kila kitu kwa macho. Bapa likikatika, unaliona. Upinde ukilala, unaupima kwa kamba.

Safari za watalii ziliwahi kuwa na sura nyingine kabisa. Kabla ya 1977 wageni wengi walioziona Ngorongoro na Serengeti walitokea Nairobi, wengi wao kwenye vibasi vya Volkswagen vilivyofunguka paa, magari mepesi ya barabara nyepesi. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na magari ya watalii yaliyokutwa upande huu yakazuiliwa huku. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Arusha ikalazimika kuwa na magari yake, nayo yalikuwa Landrova ndefu, mia na tisa kama tulivyoziita kwa kipimo cha inchi kati ya ekseli na ekseli. Gari lililozoea kubeba magunia na askari likaanza kubeba bibi wa miaka sabini kutoka Ulaya, sanduku lake, na chakula cha siku sita.

Kisha ikaja vita ya Kagera, na baada yake miaka ambayo duka la vipuri lilikuwa kaunta na karani tu. Nakumbuka madereva wakifika wamebeba springi mabegani kama wawindaji. Hakukuwa na mpya kwa bei yoyote. Baba akarudia kazi ya babu. Alinunua springi za malori yaliyokufa, akazikata kwa tindo zikiwa nyekundu, akazipinda kwenye fuawe kwa kufuata kiolezo cha waya alichokuwa amekiacha kwenye kila aina ya gari. Kupinda si kazi. Kazi ni kukirudishia chuma uhai wake, maana kilichopashwa moto kikaachwa kipoe chenyewe hubaki laini, na springi yake inalala ndani ya wiki. Ukikizamisha kwenye oili kikiwa chekundu huwa kigumu kama kioo na kuvunjika kwenye shimo la kwanza. Kwa hiyo baada ya kukizamisha alikitoa kikiwa kimelowa oili, akakirudisha juu ya makaa taratibu mpaka oili yenyewe ishike moto na kuteketea juu ya chuma. Moto huo wa oili ndio uliokuwa kipimajoto chake. Ulipozimika alikiweka pembeni, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa hadi kipoe.

Mwaka ule ule wa 1983 ulikuwa mwaka wa kuwasaka walanguzi, na mtu aliyekutwa na vipuri vingi alikuwa na maelezo ya kutoa. Mama alikaa na daftari la baba mlangoni, limeandikwa kila bapa lilikotoka. Daftari hilo ninalo. Kila ukurasa una safu ya namba ya gari, safu ya upande wa springi, na ya tatu ambayo baba aliipa jina moja tu: MZIGO. "Maji, madebe manne, nyuma." "Mgonjwa, kitanda, kushoto." Kwa gari la hospitali ya misheni aliongeza bapa moja upande mmoja peke yake, kwa sababu kitanda cha mgonjwa kilifungwa upande huo. Sijaona katalogi ya kiwanda chochote yenye uangalifu wa namna hiyo.

Land Cruiser ilitukuta katika hali hiyo. Toyota ilianza na gari la mwaka 1951 lililopanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita, na jina lenyewe la Land Cruiser likaja 1954. Kwetu, iliyobadilisha mji ni ile ya toleo la Sabini, iliyotoka Novemba 1984, na hasa pikapu yake baada ya kupata injini ya dizeli ya 1HZ mwaka 1990. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kampuni za utalii zikazaliwa kila mtaa, na mafundi wa Arusha wakagundua kwamba njia nzuri ya kupata gari la watalii ni kununua pikapu, kuvua bodi ya nyuma, kurefusha chesisi, na kujenga juu yake chumba cha viti saba chenye paa la kuinuka. Nilisimama kwenye kazi hizo nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Ninaiheshimu sana mikono ile. Wachomeleaji waliojifunza kwenye madirisha ya nyumba walirefusha magari ambayo hadi leo yanashuka kreta kila asubuhi.

Lakini springi zilikuja na kosa lisilo la mtu. Springi za nyuma za pikapu zilitengenezwa kubeba karibu tani nzima ya mizigo, mifuko isiyo na kiuno. Sasa zilibeba watu saba. Gari likipita kwenye tuta, nyuma ilirusha abiria wa viti vya mwisho hadi kichwa kikagonga paa, na mbele, palipoongezwa ngao na taa na tairi la akiba, pakalala. Kwa hiyo baba alifanya jambo lililowashangaza wenye magari: alitoa mabapa nyuma na kuongeza mbele. "Umenipunguzia springi na unanidai hela?" mmoja alimuuliza. Baba akampandisha kiti cha mwisho, akamwambia dereva aende hadi daraja la Themi na kurudi. Alirudi akalipa.

Nilimsikia baba akikiri kushindwa na jambo moja tu, nalo ni barabara ya kutoka lango la Loduare la Ngorongoro hadi lango la Naabi la Serengeti. Anayeijua haulizi. Changarawe yake imejikunja mikunjo midogo midogo kama bati, na mikunjo hiyo hutengenezwa na magari yenyewe, kila tairi likidunda mahali lilipodunda la mbele yake. Ukienda polepole gari linatetemeka hadi nati zinajifungua. Ukienda kasi unaelea juu ya vilele, unaona raha, na breki zako hazina ardhi ya kushika. Springi haziumii sana pale. Anayeumia ni shokapu.

Watu wengi bado wanaamini shokapu ndiyo inayobeba gari. Haibebi kitu. Ni bomba lenye oili na pistoni yenye vitundu, na kazi yake ni kuuchukua mruko wa springi na kuugeuza kuwa joto. Kwenye mikunjo ile ya Naabi pistoni hupanda na kushuka mara nyingi kila sekunde, saa nzima bila kupumzika. Oili inachemka, inachanganyika na hewa iliyomo ndani, inakuwa povu, na pistoni inapita kwenye povu kama mkono kwenye moshi. Nimewahi kuvua shokapu ambayo rangi yake ilikuwa imebabuka kwa joto. Dawa ilikwisha kuvumbuliwa zamani huko Ulaya: Mfaransa de Carbon alibuni shokapu ya bomba moja ambayo gesi yenye shinikizo imetengwa na oili, ili povu lisipate nafasi, na Bilstein wa Ujerumani wakaanza kuiendeleza katika miaka ya 1950. Kwetu ilitufikia kwa wingi miaka ya 1990, mikononi mwa watu wa mashindano ya magari na baadaye kwenye makatoni kutoka Australia, nchi yenye barabara zilizojikunja kama zetu na pikapu zile zile.

Mwaka 1999 Toyota ikabadilisha Sabini. Nyuma ya pikapu yalibaki mabapa, mbele zikaja springi za koili. Wageni walifurahi, madereva walifurahi, na kusema kweli gari lilikuwa bora zaidi. Baba alilizunguka la kwanza lililoletwa kwetu, akainama, akaishika koili kwa mkono. Chuma kimoja kilichozungushwa. Huwezi kukiongezea bapa. Huwezi kukipunguza. Huwezi kukikata kwa tindo na kukipinda kwa kiolezo cha waya. Alisema neno moja, "Hii imezaliwa imekwisha." Sikumwona akiwasha makaa tena kwa ajili ya springi ya mbele. Hadi alipofariki mwaka 2006 tulikuwa tumekuwa gereji ya kuagiza kwa namba. Ninaihesabu hiyo kuwa hasara. Gari halikuharibika, ila fundi aliyeweza kulisikiliza gari moja na kulishonea springi yake alibaki na kazi ya kuchagua kati ya makatoni matatu: jepesi, la kati, zito.

Kwa sababu hiyo swali la baba limekuwa na uzito zaidi siku hizi. Zamani ukikosea mzigo unaongeza bapa kesho. Koili ukikosea umenunua kosa zima.

Mtindo wa kuinua gari ulipoingia, ulikuja na kipimo cha inchi, si cha kilo. Vijana huja wakitaja kimo kwanza. Kimo kina faida zake kwenye mawe ya kuelekea Natron, sikatai. Lakini kila inchi inadai kitu. Pembe ya usukani inabadilika, na gari huanza kutangatanga barabarani. Propela inapinda kwenye maungio yake, na mtetemo unaanza ukifika kilomita themanini. Halafu kipo kitu ambacho hata mafundi wengi hawakiangalii: juu ya ekseli ya nyuma ya pikapu nyingi za Toyota kuna valvu ya breki yenye mkono uliounganishwa na ekseli. Gari likibeba mzigo, nyuma inashuka, mkono unasogea, na valvu inazipa breki za nyuma nguvu zaidi. Ukiinua nyuma kwa springi mpya bila kuurekebisha mkono huo, valvu inaamini gari ni tupu siku zote. Umelijaza hadi juu, unashuka mteremko, na breki za nyuma zimepewa nguvu ya gari tupu.

Niliwahi kuletewa gari la namna hiyo miaka kadhaa iliyopita. Lilikuwa limeinuliwa mahali pengine, kazi safi, bolti zimekazwa vizuri. Lilikuwa limeingia mtaroni mteremkoni, na Mungu alisaidia hakuna aliyekufa. Niliuangalia mkono wa valvu kabla sijaangalia kitu kingine. Ulikuwa umeachwa ulivyotoka kiwandani, umenyooka kuelekea chini, unasema "tupu, tupu".

Mvua ilipokatika tuliichukua pikapu ya yule kijana hadi kwenye mizani ya magari, pamoja na kila kitu chake isipokuwa rafiki zake wa Desemba. Matangi yote mawili yalijaa. Tulipima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma. Mbele ilisoma kilo 1,290, nyuma 1,340. Aliponiambia ngao na winchi yake ni kilo 110 tu, nilimchorea mchangani. Gari lake lina sentimita 318 kati ya ekseli na ekseli. Ngao na winchi vinaning'inia kama sentimita 90 mbele ya ekseli ya mbele, kama mtoto aliyekaa nje ya ncha ya bembea. Kilo 110 zake zinaikandamiza ekseli ya mbele kwa karibu kilo 140, na kilo 30 zilizozidi zimeondolewa nyuma. Tangi la pili likijaa linaongeza kama kilo 75, ila hilo hupungua kadiri unavyokwenda, kwa hiyo springi isilitegemee. Hema na boksi haviondoki, ila viko juu, navyo vinataka shokapu zenye nguvu ya kuzuia gari kuyumba kwenye kona kuliko vinavyotaka springi ngumu.

Alikuwa ameshika picha ya springi za nyuma za kubeba kilo 600 daima. Nilimkatalia. Siku mia tatu na hamsini na tano angekuwa anaendesha mkokoteni, na chesisi ingekuwa inapokea kila pigo ambalo springi imekataa kulipokea. Tulichagua koili za mbele zilizotengenezwa kwa gari lenye ngao ya chuma na winchi. Nyuma tukachukua mabapa ya kilo 300 za kudumu yenye bapa nene la chini lililonyooka, ambalo halifanyi kazi mpaka mzigo uligusishe. Desemba ndiyo itakayoligusa. Shokapu za gesi, bomba moja, zilizolinganishwa na springi hizo hizo na si na picha. Mkono wa valvu ya breki tuliupima na kuurekebisha, na pembe ya usukani ikarudishwa mahali pake. Alipolisimamisha gari kwenye sakafu, lilikuwa limepanda inchi moja na nusu, mbele na nyuma sawa. Aliipima nusu iliyokosekana kwa macho, akaniangalia, kisha akapanda na kwenda nalo hadi Kisongo. Kabla hajarudi alinipigia simu kutoka njiani kuniambia kwamba glasi ya maji aliyoiacha kwenye kishikio imebaki na maji yake.

Mabapa yake ya zamani yalibaki kwetu. Yapo nyuma ya gereji kwenye rundo, pamoja na ya Landrova ambazo namba zao zimo kwenye daftari la baba. Mwisho wa kila mwezi binamu yangu huja kutoka Mamba na kuyachagua, maana kule bado wanafua mikuki ya Wamaasai na majembe ya kahawa. Huja asubuhi kabla ya jua kali, huokota bapa moja moja, huligonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Yenye sauti huyaweka kulia, yaliyochoka kushoto. Kabla ya kufunga mzigo hunyanyua kila moja na kuniuliza, "Hili lilikuwa la mbele au la nyuma, na lilikuwa linabeba nini?"

Ninalifungua daftari na kumsomea.